Kujifunza Etudi ya Chopin ya E Meja, Opusi 10 Namba 3

Kwa aliyezoea kupiga kinanda kanisani, Kisumu au Nakuru, ukurasa wa kwanza wa etudi hii, yaani kipande cha piano cha kujifunzia ufundi kilichotungwa na Chopin, hautishi. Mwendo ni wa polepole na noti si nyingi. Ugumu umo ndani ya mkono wa kulia: kidole cha kati, cha pete na kidogo vinaimba soprano, huku gumba na cha shahada vikipiga alto mfululizo. Vidole dhaifu vina kazi ya kusikika, na gumba lenye nguvu linatakiwa linong'one.

Chombo kwanza. Kiibodi nyepesi ya vibonye 61 itakufunza noti, haitakufunza uzito. Tafuta piano halisi, au ya umeme yenye vibonye 88 vizito na pedali, kikanyagio cha kurefusha sauti. Piano ya mbao iliyo karibu na ziwa huvuta unyevu, vibonye vikavimba na kukwama, kwa hiyo isikae dirishani. Kibonye kikirudi kwa uvivu, mwite fundi kabla hujalaumu kidole.

Imba soprano kwa solfa: so, do ti do re. Weka alama ya penseli kila unapovuta pumzi, maana hapo ndipo mkono nao utapumua. Kisha ipige peke yake bila pedali, ukiunganisha noti kwa vidole tu. Ikibidi, badilisha kidole juu ya kibonye kabla hujakiachia. Sasa ongeza alto, lakini uidonoe kwa mkato, kwa sauti ndogo kabisa, soprano ikiwa imeshikiliwa. Usilikimbie zoezi hili. Asiyelifanya hujikuta akisukuma kwa mkono mzima ili soprano isikike, kifundo kinakakamaa, kiungo cha mwisho cha kidole kidogo kinabonyea, na alto inapanda pamoja nayo. Dawa ni kuinamisha kiganja kidogo upande wa kidole kidogo, uzito uangukie huko wenyewe.

Mkono wa kushoto ujifunze peke yake, kwa sababu noti zake nyingi huingia katikati ya mapigo. Pedali ibadilishwe kila besi inapobadilika, mara tu baada ya noti kulia. Ukichelewa, sauti zinachafuana.

Kuhusu mwendo: Chopin aliandika Vivace (kwa uchangamfu) kwenye muswada, lakini chapa ya 1833 inasema Lento ma non troppo (polepole, lakini si mno). Ile Vivace tunaichukulia kama onyo kwa wanaoiburuta etudi. Ongezeko la sauti kuelekea kipimo (bar) cha 17 lijengwe hatua kwa hatua. Ukifika kileleni mapema, huna pa kwenda.

Sehemu ya kati ndiyo inayowaangusha wengi, hasa kuanzia kipimo cha 46, palipoandikwa con bravura (kwa umahiri na ujasiri), ambapo mikono yote miwili hupiga noti mbilimbili. Jifunze mkono mmojammoja, vikundi vya noti nne, metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) ikianzia 50 kwa dakika, na usipandishe mpaka vikundi vitatu mfululizo vitoke safi. Mkono ukiuma kati ya kifundo na kiwiko, acha kwa siku hiyo.

Melodia inaporudi kwenye kipimo cha 62, nguvu ya sehemu iliyopita bado imo mikononi. Legeza mabega katika vipimo vinavyotangulia, punguza gumba kwanza, ndipo uingie kwa sauti ndogo.