Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kukwea Miamba ya Tabora

Kabla ya kuuliza mwamba una urefu gani, mtu anayekwenda kukwea mkoani Tabora aulize kwanza gari linaweza kufika umbali gani kutoka chini ya mwamba huo, na kutoka hapo ni mwendo wa muda gani hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, au hospitali ya wilaya iliyo karibu zaidi. Vilima vya mawe vimetawanyika kuanzia pembezoni mwa mji hadi upande wa Nzega, na vingi ni vifupi kiasi kwamba kijana mwenye nguvu huona anaweza kuvipanda na kushuka bila maandalizi yoyote. Ukianguka huko, waokoaji wako wa kwanza ni wenzako uliokwenda nao. Kwa hiyo ugumu wa njia upimwe kwa urahisi wa kumtoa majeruhi: mwamba ulio saa mbili za kutembea porini upandwe kwa njia nyepesi kuliko ile unayoimudu karibu na barabara.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimemwona mwenzetu aliyeanguka kutoka kimo cha dari ya nyumba, akilalamika mgongo, akipandishwa bodaboda na kubanwa katikati ya watu wawili, mtindo wa mshikaki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga usafiri mwingine. Alipona, lakini safari ile ingeweza kumwacha amepooza maisha yake yote. Mtu anayehisiwa kuumia shingo au mgongo hakalishwi wala hakunjwi. Hulazwa chali juu ya ubao mpana au mlango, kichwa kikishikiliwa kisigeuke, akabebwa na watu wasiopungua wanne. Basi kabla ya siku yenyewe, patana na mwenye gari aina ya pikapu, umweleze njia, na uhakikishe kwamba simu yake inapatikana siku hiyo. Tambua pia ni wapi juu ya kilima mtandao wa simu unashika, beba betri ya akiba, na kila mmoja akumbuke namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Mwamba wenyewe unataka kusomwa. Miamba ya Unyamwezi kwa sehemu kubwa ni itale, yaani graniti, sehemu ya kitako cha kale cha bara hili chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Itale ni ngumu na hushika vizuri soli ya mpira, lakini ina tabia moja ya hatari: uso wake hubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Tabaka lililokwisha kuachana na mwamba linaweza kuonekana imara kabisa na likakaa hivyo miaka mingi, mpaka siku mtu mzima atakapoliningʼinia. Njia ya kulitambua ni kuligonga kwa ngumi au kiganja kabla ya kulitegemea. Jiwe zima hutoa sauti fupi na nzito, na jiwe lililobanduka hulia kama debe tupu. Likilia hivyo, usilivute kuelekea kwako, na mwenzako asisimame chini yake. Mti uliojiotea ufani usifungiwe kamba kwa kuwa tu uko pale, maana mizizi yake mara nyingi imetambaa juu ya jiwe tupu. Zunguka mwamba mzima kabla ya kupanda, uione njia ya kushukia kwa macho yako, kwa kuwa wengi hupanda vizuri na kuumia wakitafuta pa kushukia jua likizama.

Sasa nyuki. Wageni husifu asali ya Tabora bila kufikiri kwamba nyuki wanaoitengeneza hawaishi ndani ya mizinga peke yake. Nyufa za miamba huwafaa sana, kwa kuwa ni kavu na hazifikiwi na moto wa nyika, na mkweaji huwakuta akiwa mahali pabaya kuliko pote, mikono yote miwili ikiwa kazini. Aliye chini hukimbia. Aliye juu ya kamba hana pa kwenda. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika miamba hii, hata kuliko kuanguka, na maandalizi yake ni kuwatafuta warina asali wa kijiji kile na kuwauliza. Wao wanajua ufa gani una kundi, na hawatakuficha ukiwaeleza kwamba hukufuata asali. Kisha siku ya kukwea, jua likishapasha mwamba, kaa mbali kidogo kwa robo saa ukitazama nyufa zote za njia yako. Nyuki wakiingia na kutoka mahali pamoja, acha upande huo wote wa mwamba. Usijipake manukato, na usivae nguo nyeusi, kwani rangi za giza huwachokoza. Mbungʼo nao huvutwa na bluu na nyeusi, kwa hiyo rangi ya udongo au ya majani makavu hukuepusha na wote wawili, mradi isiwe ya mabakamabaka kama sare za jeshi, ambazo raia haruhusiwi kuvaa.

Nyuki mmoja akishauma, mahali alipouma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Ondoka hapo hapo, funika uso na mdomo, kimbia mbali bila kupunga mikono, na miiba uikwangue baadaye ukiwa salama, lakini usiichelewe, maana huendelea kusukuma sumu. Mkubaliane mapema namna ya kumshusha haraka aliye juu. Ambaye mwili wake huvimba kupita kiasi au ambaye pumzi hubana akiumwa na nyuki, awaambie wenzake kabla ya safari na apate ushauri wa daktari. Mtu wa namna hiyo anaweza kuuawa na nyuki mmoja.

Nyoka hufuata pimbi, na pimbi hukaa katika mapango na nyufa hizo hizo. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia, na chini ya mwamba vaa buti zinazofunika kifundo, kwa kuwa kifutu hulala kimya majanini na hakimbii. Kabla ya safari piga simu hospitalini kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kifungwe banzi kisitikisike, pete na saa vivuliwe. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, na jiwe la nyoka lisimcheleweshe, kwani halinyonyi sumu yoyote.

Kuhusu vifaa, anayekwea mawe mafupi bila kamba huhitaji godoro la kuangukia. Godoro la kawaida la sponji halitoshi, kwa kuwa miguu huzama mpaka ardhini na kifundo kikapinda. Godoro lililotengenezwa kwa kazi hii lina tabaka gumu juu la kusambaza uzito na tabaka laini chini la kumeza kishindo. Mwenzako anayesimama chini hana kazi ya kukudaka. Kazi yake ni kukuelekeza uangukie godoroni, na kuilinda shingo na kichwa chako. Anayetumia kamba ahakikishe ni ile ya kukwelea inayonyumbuka mtu anapoanguka, wala si kamba ya katani au ya kufungia mizigo ya lori, ambayo hukata pumzi ikikaza au kukatika kabisa. Kamba ya mtumba usiyojua historia yake iache dukani. Kofia ngumu ivaliwe pia na aliye chini, kwa kuwa mawe humwangukia yeye.

Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo koga huteleza, nyasi huficha nyoka na radi hupiga vilele, kwa hiyo ngurumo ya kwanza ikisikika shukeni, msijikinge chini ya mwamba uliobenuka, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine. Kuanzia Mei hadi Agosti ndipo pazuri. Septemba na Oktoba jua ni kali mno; anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa nne, kila mtu na lita zisizopungua tatu za maji. Kwa aliyeishiwa nguvu, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi.

Ruhusa isiachwe kuwa jambo la mwisho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo anza kwa mtendaji na mwenyekiti, na kama kilima kiko ndani ya hifadhi ya msitu, kibali huombwa kwa wenye mamlaka ya msitu huo. Ukiwa hapo, waulize wazee kama mwamba huo ni mahali pa matambiko. Wakikuambia ni pa matambiko, tafuta mwingine bila kubishana. Muachie mwenyekiti karatasi yenye majina yenu, upande wa kilima mtakaokuwa, namba ya mwenye gari, na saa ambayo asipowaona atume watu. Kisha mkishuka, mpitie kwake kabla hamjanywa hata maji, ili asije akawaamsha vijana wa kijiji usiku kuwatafuta watu waliokwisha kulala mjini.