Kusafisha jina la mtaa wa viungani: hatua, vipimo na mitego

Vikundi vingi vinavyotaka kusafisha jina la mtaa wao huanza na picha za ukutani na kaulimbiu. Picha hupendeza kwenye ripoti ya mfadhili, ila jina baya halikai ukutani. Linakaa kwenye habari, kwenye ramani ya simu, kwenye matangazo ya vyumba vya kupanga, midomoni mwa madereva wanaokataa safari, na kwenye fomu ya kazi ambamo mkazi anaandika anwani ya shangazi yake badala ya yake mwenyewe. Ufaransa iliona hilo la mwisho ni zito kiasi kwamba mwaka 2014 sheria ikaongeza makazi ya mtu kwenye misingi ya ubaguzi iliyokatazwa.

Kwa hiyo kazi ina pande mbili: kutengeneza mahali pamoja ndani ya mtaa panapowapa watu sababu ya kuja, na kuifikisha habari hiyo kule jina baya linakokaa. Tengeni mwaka mmoja na nusu. Maelezo haya ni ya kamati ya wakazi yenye bajeti ndogo, katika mtaa wenye watu wa asili na lugha nyingi.

Pimeni jina kabla ya kuligusa

Kusanyeni habari zote za miezi 12 iliyopita zilizotaja mtaa. Ziandikeni kwenye jedwali la safu tano: tarehe, tukio, mahali halisi lilipotokea, jina lililotumika kwenye kichwa cha habari, na picha iliyowekwa. Safu ya tatu ndiyo yenye hazina. Mara nyingi mtakuta matukio ya barabara kuu au ya mtaa wa jirani yamebandikwa jina lenu kwa sababu ndilo linalofahamika zaidi. Safu ya tano nayo hufichua picha moja ya zamani, labda gari linaloungua au jalala, inayorudi hata habari ikiwa ya matokeo ya mtihani.

Kisha simameni stendi kuu ya mabasi, mbali na kwenu, mkaulize watu 60 maswali mawili tu: ukisikia jina la mtaa huu, neno gani linakujia kwanza? Na je, umewahi kufika? Watu 60 wanatosha, maana baada ya hapo maneno huanza kujirudia. Tenganisheni majibu ya waliofika na ya wasiofika. Kama waliofika wanautaja mtaa vizuri kuliko wengine, shida yenu ni kutotembelewa, na mwongozo huu unawafaa kama ulivyo. Kama wote wanasema mamoja, jina linasema kweli: kuna jambo la kurekebisha kwanza, na kawaida ni giza, taka au usafiri. Kamati nyingi huruka hatua hii, halafu hutumia fedha za taa kununulia fulana.

Angalieni pia kama jina baya lina mhuri wa serikali. Kuanzia 2010 Denmark ilichapisha orodha ya mitaa iliyoitwa rasmi “geto”, na moja ya vigezo ni asilimia ya wakazi wenye asili ya nje ya nchi za Magharibi. Mwaka 2021 neno likabadilishwa kuwa “jamii sambamba”, yaani inayoishi kando na wengine, kigezo kikabaki. Mtaa ulio kwenye orodha ya namna hiyo hautolewi na tamasha. Hapo mnahitaji mwanasheria kuliko mchoraji.

Viti vya kamati

Mtaa mchanganyiko huwa na kundi moja kubwa lenye sauti, na kamati hujikuta ni ya kundi hilo pasipo mtu kukusudia. Mfano wa kufuata ni wa mtaa wa Dudley Street, Boston, Marekani, ambako wakazi walianzisha chombo chao mwaka 1984. Bodi ilitenga viti sawa kwa makundi manne, yaani Weusi, wenye asili ya Cabo Verde, Walatino na Wazungu, ingawa idadi zao mtaani hazikulingana. Kundi dogo likipewa viti kulingana na idadi yake, huja vikao viwili, likashindwa kura zote, likaacha kuja.

Vikao visifanyikie nyumba ya ibada ya upande mmoja. Muda ubadilike, kimoja jioni na kinachofuata mwisho wa wiki, la sivyo wafanyakazi wa zamu hamtawaona kamwe. Mkalimani akae katikati ya ukumbi, asiwekwe kona ya nyuma na “wale wa lugha ile”. Na vijana wa kijiweni, wale ambao kila mtu anawalalamikia, wapewe kazi yenye jina na malipo tangu mwanzo, kwa sababu mtajenga juu ya kijiwe chao wenyewe.

Kuchagua mahali na kuhesabu

Msichague uwanja wa pembeni kabisa kwa sababu tu ni wa bure. Mahali pafaapo pana sifa nne: watu wanapita tayari, madirisha ya nyumba yanapatazama, mmiliki anajulikana kwa maandishi, na kituo cha basi kiko karibu. Pakikosa sifa ya tatu, paacheni. Migogoro ya ardhi imeua bustani nyingi kuliko ukame.

Hesabuni watu kabla hamjagusa kitu. Msanifu Jan Gehl wa Copenhagen ndiye aliyezoesha miji mingi utaratibu huu: dakika 10 katika kila saa, siku moja ya kazi na moja ya mapumziko, kuanzia asubuhi hadi usiku. Andikeni wapitao kwa makundi ya wanawake, wanaume, watoto na wazee, kisha kwenye karatasi ya pili choreni walipo waliotulia: waliokaa, waliosimama wakiongea, wanaosubiri, wanaouza. Asili ya mtu msiikisie kwa sura. Kama mnahitaji kujua lugha, ulizeni.

Somo kubwa la hesabu ni wanaokosekana. Wanawake wakiwa nusu ya wapitao saa kumi jioni na karibu hakuna saa mbili usiku, fuateni njia wanazotumia nyuma hadi majumbani. Mara nyingi tatizo halipo uwanjani, lipo kwenye uchochoro wa mita 80 unaoelekea pale. Tunzeni karatasi hizo, maana bila hesabu ya kwanza hamtaweza kuthibitisha lolote baadaye.

Ujenzi: viti, taa, rangi, miti

Viti kwanza. Mtafiti wa miji William H. Whyte alipopiga filamu viwanja vya New York miaka ya 1970, aliona kwamba watu hukaa mahali palipo na pa kukaa, jambo dogo ambalo wabunifu walikuwa wamelisahau. Kipimo alichopendekeza ni kama mita 1 ya kukalia kwa kila mita 9 za mraba, kwa hiyo kiwanja cha mita za mraba 200 kinataka mita 22. Siyo lazima yote yawe mabenchi: ukuta mfupi na ngazi ni viti pia. Kimo kizuri ni sentimita 40 hadi 45. Ukuta wenye upana wa sentimita 75 huruhusu watu kukaa pande zote mbili wakipeana mgongo, na hivyo ndivyo makundi yasiyojuana huweza kutumia kitu kimoja. Mabenchi yasitazame upande mmoja kama darasani. Wekeni mawili kwa pembe ya L ili watatu waweze kuongea. Vizuizi vya chuma vya kumzuia mtu asilale humwambia kila mgeni kwamba mtaa unawaogopa watu wake. Msiviweke.

Taa: nguzo ya mita 5 iwe mbali na mwenzake mita 15 hadi 18. Chagueni LED ya mwanga wa manjano, ulioandikwa kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga). Makosa ya kawaida ni kufunga taa moja kubwa ya uwanjani juu ya nguzo ndefu: inaumiza macho, na nyuma ya kila kibanda panabaki giza nene kuliko mwanzo. Pimeni usiku kwa mtu kusimama mita 10 mbele yenu. Msipotambua uso wake, mwanga hautoshi, au unatoka nyuma yake.

Rangi ina adui wawili, haraka na unyevu. Lipu mpya isubiri siku 28, kwa sababu unyevu na alkali yake hubabua rangi ikawa magamba. Ukuta wa zamani usuguliwe, uoshwe, ukauke, kisha upigwe praima, yaani rangi ya msingi, inayohimili alkali. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 za ukuta laini na kama 6 za ukuta wa kukwaruza, na mnahitaji kupaka mara mbili. Rangi ya chini sakafuni ichanganywe na mchanga laini, la sivyo mvua ya kwanza itawaangusha wazee. Mchoro ulioanza kubanduka baada ya mwaka ni mbaya kuliko ukuta mtupu, kwa kuwa unatangaza kwamba walioanza wameondoka.

Shimo la mti liwe na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi kimo cha donge. Shina likizikwa, huoza. Mwagilieni lita 20 mara mbili kwa wiki, misimu miwili ya kiangazi, na kila mti uwe na jina la mtu wa kuutunza.

Matunzo yaingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza: angalau asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kila mwaka. Medellín, Kolombia, imesifiwa dunia nzima kwa kupeleka gari la waya kwenye vilima vyake maskini mwaka 2004, na sifa hiyo inastahili. Lakini maktaba maarufu ya Biblioteca España, iliyofunguliwa huko juu mwaka 2007, ilibidi ifungwe kabla ya kufikisha miaka kumi kwa sababu ya kasoro za ujenzi. Jengo lililotundikwa kwenye mabango likiwekewa uzio, jina baya hurudi na riba.

Siku moja ya wiki

Badala ya tamasha moja kubwa la mwaka, chagueni siku moja na saa moja ya kila wiki, mkazishike kwa wiki 12 bila kuruka hata moja. Wiki ya nne watu huwa wachache. Msikate tamaa wala msihamishe saa. Wageni waleteni kwa haja: fundi baiskeli, kupima shinikizo la damu, ligi ya mpira, kubadilishana lugha. Maonyesho ya “tamaduni zetu” yana hatari yake, kwani huwafanya majirani kuwa vitu vya kutazamwa, na mgeni huondoka bila kumjua mtu yeyote kwa jina.

Kupeleka habari

Husemwa kizuri chajiuza. Si kwa mtaa ambao watu hawafiki.

Anzeni na ramani. Kibera, Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi 2009, vijana wa pale walipoichora wenyewe kwa GPS na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Fanyeni hivyo: mipaka sahihi, vituo, zahanati, maduka, saa za kazi, picha za mchana. Waulizeni madereva kwa nini hukataa. Mara nyingi jibu si woga, ni kukosa pa kugeuzia gari na namba za nyumba. Kituo kimoja cha kuchukulia abiria chenye taa na namba kubwa huondoa nusu ya malalamiko.

Vyumba vya habari vipeni majina ya wasemaji watatu wa lugha tofauti wanaojibu simu ndani ya saa moja, na picha kumi nzuri za kutumia bure. Habari ikikosea mahali, tumeni masahihisho siku hiyohiyo: sentensi yenye kosa, mahali sahihi, ushahidi. Hasira hazichapishwi. Kamwe msitume taarifa ya “mtaa umebadilika”, kwa sababu kichwa kitakachotoka ni “Mtaa uliokuwa wa wahalifu sasa…”, na msomaji atabaki na neno la katikati. Tumeni kitu mahususi: ligi imeanza, fundi yupo siku fulani. Jina la mtaa msilibadilishe pia. Jina jipya hudumu kwenye mabango huku watu wakiendelea kuita la zamani, sasa kwa kejeli.

Kodi

Jina likipanda, kodi ya nyumba hulifuata, na wa kwanza kuhama ni wale waliobeba viti. Ngazi za umeme za Comuna 13 huko Medellín, zenye urefu wa mita 384, zilizinduliwa mwaka 2011 kwa ajili ya wakazi. Leo watalii hujaa humo, na wakazi hulalamikia kelele na msongamano.

Tangu mwezi wa kwanza, andikeni kodi ya vyumba 20 vilevile kila baada ya miezi mitatu. Dudley Street ilipewa na jiji, mwaka 1988, mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa, na ardhi hiyo ikawekwa chini ya amana ya wakazi, yaani chombo kinachoishika kwa niaba yao, ili nyumba zisipande bei kiholela. Pasipo uwezo huo, tafuteni mikataba mirefu, miaka mitano au zaidi, kwa maduka na vyumba vinavyouzunguka uwanja, na isainiwe kabla nguzo ya kwanza ya taa haijasimikwa. Baada ya hapo mwenye nyumba atakuwa ameshaona kwamba mtaa unapanda.