Mtumbwi ziwani nauona, tundu la sindano silioni

Nashona nguo Kadutu, mtaa wa Bukavu. Kutoka mlangoni pangu Ziwa Kivu linaonekana hadi mbali, na mtumbwi siukosi hata siku moja. Ndiyo sababu nilikuwa nacheka nikiambiwa nipimwe macho. Lakini Agosti, mashati meupe na sketi za buluu za wanafunzi zikirundikana, kila ikifika saa tisa kichwa kinanigonga juu ya nyusi na tundu la sindano linakuwa mawili. Nilikuwa na miaka 31. Nilimeza dawa za malaria bure.

Nawe jichunguze: je, maumivu hayo yanakuja na kazi ya karibu, na Jumapili usiposhona yanakuacha? Basi huenda ni hipametropia. Jicho ni fupi kidogo, au kornea, kile kioo cha mbele, ni bapa mno. Mwanga unakosa kukutana juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, unataka kukutana nyuma yake. Ukiwa kijana, msuli wa ndani unajikaza, lenzi inavimba kuurudisha, kwa hiyo unaona. Anayelipa ni kichwa. Usiichanganye na ile ya wazee inayoanza kwenye miaka 40, lenzi ikiwa ngumu.

Hospitalini, usiridhike na herufi za ukutani. Mimi nilizisoma zote, nikaambiwa macho mazima, nikarudi nyumbani na kichwa changu. Mara ya pili, kwingine, walinitia matone yanayolegeza msuli wa jicho, mboni zikapanuka kama za paka, wakanimulika huku wakibadilisha vioo. Omba matone hayo. Siku hiyo usichukue kazi ya mteja: jua linachoma na vitu vya karibu huvioni. Nenda na kofia, na mtu wa kukushika mkono kwenye mteremko.

Kwenye karatasi, OD ni jicho la kulia, OG la kushoto. Namba ni nguvu ya kioo: mimi niliandikiwa +2,50 pande zote. Alama ya – ni ya wasioona mbali, haituhusu. Ukipewa miwani, ishike juu ya kikwembe cha maua uisogeze kulia. Maua yakikimbilia kushoto, ni +. Kisha kinga mwanga wa jua kwa kioo cha miwani, nukta iangukie ukutani (usitazame jua!), upime kwa mita ya kushonea: +2,50 inakusanya mwanga kwenye sentimita 40. Ile niliyonunua zamani kwa mchuuzi, kioo kimoja kilifika 40, kingine 33. Na bado nilimlipa bila kubishana.

Wiki ya kwanza ya kuvaa miwani, mbali kunakuwa na ukungu na ngazi zinaonekana zimesogea. Usiivue.

Watoto wachanga wengi wana hipametropia kidogo, nayo hupungua wakikua. Lakini mtoto ambaye jicho linakimbilia puani akitazama daftari, mpeleke sasa. Ubongo huzoea kuliacha jicho hilo, na baada ya miaka 7 au 8 kulirudisha ni kazi kubwa. Binti yangu wa pili alianza miwani akiwa na miaka minne. Alikuwa anaitupa, nikamshonea lastiki ya sentimita moja, ncha mbili kwenye mikono ya miwani, ipite nyuma ya kichwa chini ya misuko. Acha nafasi ya kidole kimoja, isimkate masikio.