Begi Moja la Mjini na Porini: Pima Mzigo Kwanza

Kazi yangu ni kushona na kukarabati mabegi, na siku ambazo cherehani imepumzika huwa nipo njiani, milimani au msituni. Begi linapofika mezani kwangu, mara nyingi limeharibika katika mojawapo ya sehemu tatu: zipu, shina la mkanda wa begani, au utando wa ndani unaobanduka vipandevipande. Ile mifuko midogo kumi na miwili iliyomvutia mnunuzi dukani sijawahi kuletewa ikiwa imechakaa. Mingi haikuwahi kutumika. Basi hapa, ninapokuonyesha jinsi ya kuchagua begi moja la kazini na porini, nitakaa zaidi kwenye sehemu zinazokufa, na mifuko nitaipitia juujuu.

Hatua ya 1: Mwaga vitu sakafuni

Usitazame begi lolote kwanza. Kusanya unavyobeba siku ya kazi: kompyuta mpakato, chaja, chupa ya maji, daftari, mwavuli. Kando yake panga vya porini: koti la mvua, tochi ya kichwani, vifaa vya huduma ya kwanza, kisu cha kukunja, kamba nyembamba, maji ya ziada. Vile vinavyohitajika pande zote mbili ndivyo vya kukaa begini daima. Vilivyobaki vitaingia na kutoka.

Chukua fungu kubwa kati ya hayo mawili, ulipange ndani ya boksi la karatasi ngumu. Pima kwa sentimita urefu, upana na kimo cha nafasi iliyojaa, uzidishe, kisha ugawe kwa 1,000. Hizo ni lita. Nafasi ya 40 kwa 25 kwa 20, kwa mfano, ni lita 20. Ongeza robo yake kwa sababu begi halina pembe kali kama boksi, unapata 25. Watu wengi huangukia kati ya lita 20 na 26. Mimi begi la lita 30 na zaidi silipendekezi kwa matumizi ya kila siku, maana nafasi tupu haikai tupu: utajikuta unatembea na sweta la mwezi uliopita.

Kisha panda mizani mikono mitupu, panda tena umekumbatia boksi. Tofauti ndiyo mzigo wako. Kumbuka kila lita ya maji ni kilo moja.

Hatua ya 2: Pima mgongo

Inamisha kichwa, papasa mfupa unaochomoza mwisho wa shingo. Weka viganja juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekeana nyuma. Mwenzako apime kutoka kwenye ule mfupa wa shingo hadi kwenye mstari wa vidole gumba. Hicho ndicho kimo cha mgongo wako, na hakifuati moja kwa moja urefu wako wote. Nimewahi kupima watu wawili waliolingana vichwa, migongo ikapishana sentimita sita.

Begi la siku moja halihitaji kulingana na kipimo hicho kikamilifu, lakini kitako chake kisivuke chini ya kiuno. Likining'inia matakoni linakuvuta nyuma, nawe unajikunja mbele kulifidia. Mikanda ya mabegani iwe imepinda kufuata kifua, na sponji yake iwe ngumu kidogo. Ile laini sana inayobonyea kwa kidole dukani hulala kabisa baada ya miezi michache, ukabaki na kamba mbili zinazokata mabega.

Mkanda wa kiunoni unaanza kuwa na maana mzigo unapofika kilo saba au nane, kwa kuwa huhamishia sehemu ya uzito kwenye nyonga. Chini ya hapo unakera tu, hasa ndani ya basi. Tafuta unaochomoka. Mkanda wa kifuani, huo uwepo: mjini huusikii, ila kwenye mteremko au unaporuka kijito huzuia begi kuyumba.

Hatua ya 3: Soma kitambaa

Utakuta lebo imeandikwa 210D, 500D au 1000D. Hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Namba kubwa ni uzi mnene. Haimaanishi moja kwa moja kitambaa bora. Kwa denia ileile, nailoni huhimili msuguano kuliko poliesta, ilhali poliesta hunywa maji kidogo na huvumilia jua zaidi. Nailoni ya kati ya 400 na 500 inatosha mtu wa miamba na wa ofisini. 1000 ni ngumu kweli, lakini unabeba uzito usiouhitaji, na inasugua shati hadi liote vinyweleo. Turubai la pamba lina sura nzuri, nami nalipenda, ila likilowa ni zito na halikauki upesi.

Geuza begi ndani nje. Vitambaa vingi vina utando wa poliurethani, aina ya plastiki, wa kuzuia maji, na utando huo huliwa taratibu na unyevu pamoja na joto. Begi likinata kwa ndani au kutoa harufu kali ya uchachu, limeanza kuoza hata kama nje linang'aa. Hili ni muhimu zaidi kwa anayenunua la mtumba.

Hatua ya 4: Zipu na mishono

Hapa usiwe na haraka.

Tazama nyuma ya kichwa cha zipu; mara nyingi kuna namba. 3, 5, 8 na 10 hukaribia upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Mdomo mkuu wa begi usiwe chini ya 5, na 8 au 10 ni bora. Kwa begi ninachagua meno ya msokoto, yale yanayoonekana kama uzi wa plastiki uliozungushwa, kwa sababu yakiachana unaweza kurudisha kichwa nyuma na kuyafunga upya. Zipu ya meno moja moja iking'oka jino, imekwisha.

Kinachochakaa hasa ni kichwa. Mchanga hukisaga hadi kinapanuka, kisha meno yanafunguka nyuma yake. Lilinipata mimi mwenyewe, fundi mzima, katikati ya mteremko mvua ikinyesha: begi likapasuka mdomo, nikalifunga kwa kamba ya kiatu na kushuka kiatu kikining'inia mguuni. Siku hizi natembea na koleo dogo. Ukibana kichwa kidogo pande zote mbili, kinashika tena mpaka ufike nyumbani, halafu ukibadilishe.

Kwenye mishono, angalia mkanda wa begani unapoingia mwilini mwa begi. Panatakiwa pawe na mshono mnene wa kwenda na kurudi, wala si mstari mmoja wa uzi. Ndani, kingo za kitambaa ziwe zimefunikwa kwa utepe. Kingo zilizoachwa wazi zikichanika nyuzi, mshono unafuata.

Hatua ya 5: Mvua

Zipu yenye utando wa mpira hupunguza maji tu, haiyafungii nje. Kifuniko cha mvua kinafaa mjini, lakini porini hunasa miibani, hupeperushwa na upepo, na upande wa mgongoni kinauacha wazi. Weka ndani mfuko imara usiopitisha maji, ukunje mdomo mara tatu. Basi.

Hatua ya 6: Sura

Vitepe vya kijeshi vilivyoshonwa safu kwa safu hukuruhusu kuning'iniza vitu nje, na kila kinachoning'inia hunasa matawini na milangoni. Rangi ya mabaka ya kijeshi nayo, katika baadhi ya nchi, raia hata kubeba begi lake ni kosa. Nje liwe la rangi tulivu. Ndani liwe na bitana ya rangi angavu, uone funguo zako kwenye giza la msitu. Mfuko mmoja wenye zipu upande unaogusa mgongo unatosha kwa pesa na vitambulisho. Mkono wa mwizi haufiki hapo ukiwa umelivaa.

Hatua ya 7: Jaribu likiwa limejaa

Nenda dukani na vitu vyako. Vizito viweke karibu na mgongo, usawa wa mabega. Panda na kushuka ngazi kwa dakika kumi na tano, chuchumaa, chomoa chupa bila kuvua begi, fungua zipu kwa mkono mmoja. Muuzaji akinuna, nenda kwingine.

Likishakuwa lako, shona au nunua vipochi viwili. Cha mjini kina chaja na kalamu. Cha porini kina kisu, kamba na tochi. Unabadilisha kimoja kwa kingine kwa nusu dakika, na hutasimamishwa mlangoni pa jengo ukijieleza kuhusu kisu ulichokisahau. Ukirudi safari, piga zipu mswaki mkavu, tundika begi wazi kivulini likauke kabisa, kisha ndipo ulirudishe kabatini.