Rimoti ya gari mara inasoma mara haisomi: pitia hapa kabla hujanunua mpya

Wakuu, hii ishu ya kubonyeza stati halafu dashibodi inasema ufunguo hauonekani na wakati rimoti iko mfukoni inatesa watu, na inaniuma kuona mtu anauziwa rimoti mpya kumbe ilitakiwa kusafishwa tu.

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Ukigusa kitasa au ukibonyeza stati, antena za gari zinaiita rimoti kwa mawimbi ya chini, mara nyingi kilohezi 125, yanayofika kama mita moja tu, rimoti ikisikia inajibu kwa mawimbi mengine, megahezi 315 au 433. Ndo maana vitufe vinaweza kufungua milango ukiwa mbali kabisa na bado ukikaa ndani gari inakukana.

Hatua ya 1: chukua rimoti ya akiba, itumie wiki nzima ile nyingine iache nyumbani. Ikisumbua vilevile, achana na rimoti, shida iko kwenye gari au mazingira.

Hatua ya 2: itenge na simu. Usiiweke mfuko mmoja na simu wala karibu na chaja isiyo na waya, na zile chaja za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zichomoe zote ujaribu tena. Kama inagoma sehemu ileile unapopaki kila siku na kwingine iko poa, basi ni mawimbi ya pale.

Hatua ya 3: betri. Nyingi zinatumia CR2032 ya volti 3. Mpya ukiipima inasoma 3.2 hivi, ikishuka chini ya 2.9 mimi naitoa, sisubiri. Soma namba vizuri, CR2025 ina upana uleule ila ni nyembamba, milimita 2.5 badala ya 3.2, ukiichomeka inacheza na hapo ndo mara inasoma mara haisomi. Ile ya zamani usiiache ovyo, mtoto akiimeza ni hatari kubwa, ni hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi wanaruka. Yangu nilibadilisha betri mara mbili ikaendelea kusumbua, nikaifungua mezani chini ya taa nikaona kile kiulimi cha bati kinachoshika betri kimelala, upande mmoja kina ukungu wa kijani. Nikakipangusa na pamba yenye spiriti, nikakiinua kidogo sana kwa ncha ya sindano, haijanisumbua tena. Angalia pia lehemu kwenye miguu ya kile kishikio, rimoti iliyoanguka anguka inapata ufa mdogo ambao ukiibana inasoma ukiiachia inagoma.

Hatua ya 5: pima betri ya gari yenyewe asubuhi kabla hujawasha. 12.6 ni nzima, chini ya 12.2 ichaji kwanza ndo uendelee.

MASWALI

Nimekwama njiani haioni kabisa, nafanyaje?
Chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ufungue mlango, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha stati kisha bonyeza. Ndani kuna chipu isiyohitaji betri. Gari nyingine zina sehemu yake maalum, angalia kitabu cha gari.

Nikitoa betri si itasahau programu?
Nyingi hazisahau, usiogope.

Mimi betri haimalizi hata miezi miwili.
Unaitundika wapi? Ikikaa karibu na gari inaweza kuwa inaitwa na kujibu usiku kucha. Isogeze mbali, na kagua kama kuna kitufe kimekwama.

Yangu kitasa cha abiria kinafungua cha dereva hakikubali, rimoti zote mbili.
Hapo rimoti haina kosa mkuu. Mwambie fundi umeme aanze na kitasa cha dereva, antena yake na waya unaopita kwenye bawaba ya mlango, unakunjwa kila ukifungua mpaka unakatikia ndani ya mpira.