Somo: Kuhamisha seti ya tamthilia ya muziki, kutoka lori hadi jukwaani

Nitafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Hatua ya 3 isomeni taratibu, maana hapo ndipo watu huumia.

Hatua ya 1: Lori
Seti ya ziara, yaani mandhari ya jukwaani inayosafirishwa ukumbi hadi ukumbi, huchorwa kwa kipimo cha lori. Trela ndefu za Marekani zina futi 53, karibu mita 16, lakini upana wa ndani ni kama mita 2.5 tu. Kwa hiyo jumba zima unaloliona jukwaani ni vipande vyenye magurudumu, vinavyounganishwa kwa pini. Kitakachotumika kwanza ukumbini hupakiwa mwisho.

Hatua ya 2: Juu kwanza, sakafu baadaye
Taa na mapazia hufungwa kwenye mabomba na kupandishwa jukwaa likiwa bado tupu. Ndipo kikundi hutandika sakafu yake juu ya ile ya ukumbi. Sakafu hiyo ina mifereji myembamba, na chini yake hupita waya wa chuma unaovutwa na winchi (mashine ya kukunja waya) iliyoko pembeni. Bamba la chuma hushuka kutoka kwenye kipande cha seti, likapenya mferejini na kushikana na kitoroli kinachovutwa na waya. Hivyo ndivyo kitanda hujitokeza chenyewe mbele ya watazamaji, na mimi bado hunisisimua kukiona. Kompyuta hufuatilia mizunguko ya winchi ili kisimame palepale kila usiku, mradi alama ya sifuri, yaani mahali pa kuanzia kuhesabu, iwekwe upya katika kila ukumbi.

Hatua ya 3: Vyuma vya uzani
Kumbi nyingi hupandisha mapazia kwa mizani: huku bomba lenye mzigo, kule kibebeo cha vyuma, kati yao kamba na kapi. Bomba likiwa chini, kibebeo kiko juu.

Wakati wa kufunga, mzigo kwanza, vyuma baadaye. Wakati wa kufungua, shusha bomba, toa vyuma, ndipo ufungue mzigo. Ukifungua mzigo wa kilo 200 vyuma vikiwa bado juu, vitaporomoka na bomba litapaa. Breki ya kamba haikuwekwa kuzuia uzito wa namna hiyo. Kamba ikianza kukimbia usiishike: paza sauti, ondoka. Hatari hii huzidi usiku wa kubomoa, watu wamechoka na lori linasubiri.

Hatua ya 4: Kubomoa
Huanza mara pazia linapofungwa baada ya onyesho la mwisho ukumbini. Ni kinyume cha hatua ya 2, ila kwa kasi zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, jukwaa likiwa dogo kuliko la ukumbi uliopita?
Meneja wa ufundi huomba michoro ya kila ukumbi mapema. Vipande vya pembeni huachwa ndani ya lori, na mienendo hupimwa upya.

Kompyuta ikigoma katikati ya onyesho, mkuu?
Mwendeshaji hubonyeza kitufe chekundu, kila kitu kinasimama. Mafundi huchomoa lile bamba na kusukuma kwa mikono. Zoezi hilo lifanyeni kabla ya onyesho la kwanza.

Nani hasa anaruhusu kipande kitembee?
Meneja wa jukwaa ndiye hutoa amri. Lakini mwendeshaji asipoiona njia, au mwigizaji akiwa amesimama pasipo pake, hasogezi kitu hata akiamriwa.