Vile unasoma dakika za fowadi kwa hoki ya barafu

Watu wangu wa Kisumu na Nakuru wenye mnakesha saa tisa usiku mkicheki NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, kabla ya magoli angalieni dakika za mafowadi, yaani muda kila mmoja anakaa barafuni. Gemu ni dakika 60 na timu huwa na mafowadi 12, laini 4 za watu watatu, kwa hivyo ukigawa sawa kila mtu angepata 15, lakini hakuna kocha hugawa hivyo. Nathan MacKinnon wa Colorado msimu wa 2023-24 alikuwa na wastani wa zaidi ya dakika 22, na hizo ni nyingi sana kwa fowadi.

Usiishie kwa jumla. Cheki zimetoka wapi: dakika za wapinzani kupungukiwa na mtu mmoja kwa adhabu ni nafuu, zile za kuziba mkiwa wanne juu wenu ndio ametolewa, hizo ndio humaliza miguu. Halafu gawanya dakika kwa idadi ya shifti (kila mara anaingia barafuni hadi atoke), ikitoka kama sekunde 45 hivi iko sawa, ikikaribia dakika nzima huyo anachoshwa. Mwangalie mwisho wa shifti, anaacha kusukuma anateleza tu, ameinama, mikono iko magotini. Kipindi cha pili ndio kibaya zaidi juu timu zimebadilisha upande na benchi iko mbali na goli lao, mtu anakwama huko akitafuta nafasi ya kutoka.

Na wewe unafunza hoki ya nyasi huko Kakamega, sabu hazina kikomo, mtoe straika wako mapema, akipumua vizuri mrudishe.